Nakisi ya Bajeti na Pato la Taifa: Namna ya Kuisoma Asilimia Inayogusa Mfuko Wako

Somo la Tano

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, tunatarajia kwamba mtumiaji wa bidhaa na huduma ataweza:
(a) kueleza maana ya nakisi ya bajeti na sababu ya kuilinganisha na Pato la Taifa;
(b) kutofautisha nakisi, mkopo na deni la Serikali;
(c) kutambua njia ambazo nakisi hupitia hadi kufika kwenye bei, riba na akiba ya kaya, na
(d) kufanya uamuzi kuhusu akiba na mikopo bila kusukumwa na uvumi.

Utangulizi

Kila mwaka katika mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha husimama bungeni Dodoma na kusoma Bajeti Kuu ya Serikali. Siku hiyo redio husikika katika maduka ya Tunduma, kwenye vijiwe vya madereva wa malori Mpemba, sokoni Mlowo na katika ofisi za Vwawa. Wananchi hunukuu tarakimu mbili tatu, na mjadala huendelea hadi usiku.

Tuchukue hotuba ya tarehe 13 Juni 2024. Bajeti ya mwaka wa fedha 2024/25 ilitajwa kuwa Shilingi trilioni 49.35. Katika hotuba hiyohiyo mapato ya ndani yalikadiriwa kuwa Shilingi trilioni 34.61. Mwenye kalamu na karatasi alitoa kiasi kimoja katika kingine, akapata pengo la Shilingi trilioni 14.74. Hapo kijiwe hugawanyika. Mmoja husema: “Nchi imeelemewa, badilisha akiba yako iwe dola au kwacha mapema.” Mwingine hujibu: “Nakisi ni asilimia 3 tu, hakuna la kuhofia.”

Wote wawili wanatumia tarakimu za kweli, lakini kila mmoja amesoma nusu ya habari. Jambo hili si la wachumi peke yao. Uamuzi wa kuhamisha akiba ya miaka kumi, wa kusaini mkopo wa miaka mitatu, au wa kununua shehena ng'ambo ya mpaka mara nyingi hufanyika baada ya mazungumzo ya namna hii. Anayekosea kusoma tarakimu hulipa gharama kwa fedha zake mwenyewe. Ndiyo maana tumeona vema somo hili liwemo katika kijitabu cha kumlinda mtumiaji.

Nakisi ni nini?

Nakisi ya bajeti ni tofauti kati ya matumizi ya Serikali na mapato yake katika mwaka mmoja wa fedha, pale matumizi yanapozidi mapato. Mwaka wa fedha wa Tanzania huanza tarehe 1 Julai na kuishia tarehe 30 Juni. Mapato yanayohesabiwa hapa ni kodi, tozo, ada na gawio, pamoja na misaada, yaani fedha ambazo Serikali hupewa bila kutakiwa kuzirejesha. Mkopo haumo katika mapato. Mkopo ni njia ya kuliziba pengo, na kukopa hakulifuti.

Ni muhimu pia kutofautisha nakisi na deni. Fikiria pipa la maji nyuma ya nyumba. Nakisi ni ndoo inayomiminwa mwaka huu. Deni ni maji yote yaliyokwisha kujaa pipani tangu miaka iliyopita. Nakisi ya mwaka mmoja inaweza kuwa ndogo huku deni likiwa kubwa, na kinyume chake kinawezekana. Mtu anaposema “nakisi ya taifa” huku akitaja deni lote la miaka yote, amechanganya ndoo na pipa.

Kwa nini tuilinganishe na Pato la Taifa?

Shilingi trilioni moja ni fedha nyingi mno kwa kaya yoyote, na kwa sababu hiyo tarakimu ya trilioni peke yake hutisha bila kufundisha. Ili kupima uzito wa mzigo ni lazima tujue nguvu za mbebaji.

Tuwafikirie watu wawili, kila mmoja akiwa amepungukiwa na Shilingi 300,000 kwa mwaka. Wa kwanza ana genge la mboga ambalo shughuli zake huzalisha Shilingi milioni 1 kwa mwaka. Wa pili ana malori, na shughuli zake huzalisha Shilingi milioni 100. Kwa wa kwanza, upungufu huo ni asilimia 30 ya anachozalisha. Kwa wa pili ni sehemu tatu kati ya kumi za asilimia moja. Kiasi ni kilekile, lakini hali zao hazifanani hata kidogo.

Pato la Taifa ndiyo kipimo cha nguvu za mbebaji. Ni thamani ya bidhaa na huduma zote za mwisho zinazozalishwa nchini katika mwaka mmoja. Ndani yake imo kahawa ya Mbozi, mpunga wa Momba, kazi ya kinyozi wa Tunduma, nauli ya basi la Mbeya, huduma ya hospitali na mchango wa kila lori linalosafirisha mzigo katika barabara kuu ya kwenda Zambia. Mahindi yakisagwa kuwa unga hayahesabiwi mara mbili. Kinachoongezwa ni thamani iliyotokana na kusaga. Kazi ya kukokotoa pato hilo hufanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu.

Kwa mahitaji ya somo hili tutatumia Pato la Taifa la Shilingi trilioni 200, kiasi kilicho karibu na ukubwa wa uchumi wa Tanzania mwaka 2024 na kinachorahisisha hesabu. Asilimia 1 ya kiasi hicho ni Shilingi trilioni 2, na asilimia 3 ni Shilingi trilioni 6.

Tuisome bajeti ya 2024/25

Sasa turudi kwenye pengo la Shilingi trilioni 14.74. Likigawanywa kwa trilioni 200, tunapata zaidi ya asilimia 7. Hata hivyo lengo la Serikali kwa mwaka huo lilikuwa nakisi isiyozidi asilimia 3 ya Pato la Taifa. Je, kuna aliyedanganya? La. Vitu viwili vimepimwa kwa jina moja.

Kwa mujibu wa makadirio ya bajeti hiyo, fedha zilizohitajika nje ya mapato ya ndani zilipangwa kupatikana hivi:

1. Misaada na mikopo nafuu kutoka kwa washirika wa maendeleo: Shilingi trilioni 5.13.
2. Mikopo kutoka soko la ndani: Shilingi trilioni 6.62.
3. Mikopo ya masharti ya kibiashara kutoka nje: Shilingi trilioni 2.99.

Jumla yake ni zile trilioni 14.74. Lakini katika mkopo wa ndani wa trilioni 6.62, Shilingi trilioni 4.02 zilipangwa kulipia hatifungani na dhamana za Serikali zilizokuwa zinaiva. Shilingi trilioni 2.60 zilizobaki ndizo zilizopangwa kwa miradi ya maendeleo.

Mwanachama wa VICOBA ataielewa hesabu hii mara moja. Ukikopa Shilingi 400,000 leo na kuzilipa zote kwenye mkopo wa zamani wa Shilingi 400,000, deni lako halijaongezeka. Umebadilisha mkopeshaji na tarehe ya kulipa. Vivyo hivyo, kurejesha mtaji wa mkopo wa zamani hakuhesabiwi kuwa matumizi yanayozalisha nakisi. Riba ya mkopo huo, kwa upande mwingine, ni matumizi na huhesabiwa.

Tukiondoa hizo trilioni 4.02, pengo linashuka hadi Shilingi trilioni 10.72. Tukiondoa pia misaada, ambayo ni mapato, pamoja na fedha za kulipia mitaji ya mikopo ya nje iliyoiva, tunaukaribia ukomo wa asilimia 3. Huyo ndiye aliyekosea wa kwanza kijiweni: alichukua fedha zote za kukopa na misaada, akaziita nakisi.

Wa pili naye asishangilie mapema. Alisema asilimia 3 ni ndogo. Ni ndogo ikilinganishwa na kila kinachozalishwa na Watanzania wote. Lakini Serikali hailipi deni kwa Pato la Taifa. Hulipa kwa mapato inayoyakusanya. Kahawa ya mkulima wa Mbozi ni ya mkulima, na Serikali hupata sehemu tu ya thamani yake kupitia kodi na tozo. Shilingi trilioni 6 zikilinganishwa na mapato ya ndani ya trilioni 34.61 ni zaidi ya asilimia 17. Kwa maneno mengine, kwa kila Shilingi 100 ambazo Serikali inakusanya ndani, inahitaji kukopa nyingine 17 hivi. Asilimia 3 si jambo la kutia hofu, wala si jambo la kupuuza.

Hesabu ya pipa

Je, nakisi ya kila mwaka haiwezi hatimaye kulifurisha pipa? Jibu hutegemea kasi ya ukuaji wa uchumi. Tutumie mfano wa kujifunzia.

Tuseme deni ni Shilingi trilioni 90 na Pato la Taifa ni trilioni 200. Deni ni asilimia 45 ya pato. Mwaka unaofuata nakisi ni trilioni 6, hivyo deni linafika trilioni 96.

Hali ya kwanza: Pato la Taifa limekua kwa asilimia 8 kwa bei za mwaka husika, likafika trilioni 216. Deni sasa ni asilimia 44.4. Shilingi zimeongezeka, lakini mzigo umepungua kidogo.

Hali ya pili: pato halikukua, limebaki trilioni 200. Deni sasa ni asilimia 48.

Hali ya tatu: pato limekua kwa asilimia 8, lakini nakisi ilikuwa asilimia 10, yaani trilioni 20. Deni limefika trilioni 110, sawa na asilimia 50.9. Katika mwaka mmoja tu mzigo umepanda kwa karibu asilimia sita za pato, ingawa uchumi ulikuwa unakua.

Mfano huu unaonyesha kwa nini nchi huwekeana ukomo. Katika Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyosainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013, nchi wanachama zilikubaliana kwamba nakisi, misaada ikijumuishwa, isizidi asilimia 3 ya Pato la Taifa. Deni la umma lisizidi asilimia 50 ya pato kwa thamani ya sasa, na mfumuko wa bei usizidi asilimia 8. Nchi za Ulaya nazo zilijiwekea ukomo wa asilimia 3 katika Mkataba wa Maastricht wa mwaka 1992. Tarakimu 3 si sheria ya maumbile. Ni uzio uliowekwa kwa makubaliano, ili anayeuvuka ajulikane mapema na aulizwe.

Ng'ambo ya barabara

Wakazi wa Tunduma hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa uzio uliovukwa. Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja uliogawanywa na mpaka. Tangu kituo cha pamoja cha huduma za mpakani kilipozinduliwa tarehe 5 Oktoba 2019, mizigo ya nchi hizi mbili hukaguliwa chini ya utaratibu mmoja. Bei ya kwacha hujulikana sokoni Tunduma kama bei ya nyanya.

Kati ya mwaka 2012 na 2015 Zambia iliuza hatifungani zake katika masoko ya kimataifa mara tatu: dola za Marekani milioni 750 mwaka 2012, bilioni 1 mwaka 2014 na bilioni 1.25 mwaka 2015. Fedha hizo na mikopo mingine zilitumika pamoja na nyingine katika barabara, nishati na miradi mikubwa. Nakisi iliendelea kuwa juu mwaka hadi mwaka. Bei ya shaba ilipoyumba, ukame ulipoathiri mavuno na umeme, na hatimaye UVIKO-19 ulipoingia, mapato yalipungua wakati madai yakiongezeka. Mwaka 2020 nakisi ya Zambia ilivuka asilimia 10 ya Pato la Taifa. Mwezi Novemba mwaka huo nchi ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 iliyokuwa imekwisha kufikia tarehe ya mwisho.

Kilichofuata kiliingia jikoni mwa wananchi. Dola moja iliyokuwa ikibadilishwa kwa takriban kwacha 14 mwanzoni mwa mwaka 2020 ilihitaji zaidi ya kwacha 22 katikati ya mwaka 2021. Kwa kuwa sehemu kubwa ya deni ilikuwa ya dola, kila kwacha iliposhuka deni lilizidi kuwa zito hata pale ambapo hakuna dola mpya iliyokopwa. Mfumuko wa bei ulipita asilimia 20 mwaka 2021. Katika mwaka huohuo wastani wa mfumuko wa bei Tanzania ulikuwa asilimia 3.7. Mwezi Agosti 2022 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa takriban dola bilioni 1.3 kwa Zambia, na mazungumzo ya kupanga upya madeni na wakopeshaji yakachukua miaka.

Tunaeleza haya bila kumcheka jirani, kwa maana mtikisiko wa jirani haukomei kwenye geti la mpaka. Mfanyabiashara wa Nakonde anayenunua mchele au sabuni Tunduma huuza kwa kwacha na kununua kwa shilingi. Kwacha ikishuka, fedha yake hubadilishwa kwa shilingi chache zaidi, naye hununua kidogo. Mwenye duka wa Tunduma aliyemkopesha kwa kwacha hulipwa kiasi kilekile kilichoandikwa daftarini, lakini kiasi hicho hakimtoshi tena kurudisha mzigo uleule dukani. Mkulima wa Momba naye hushangaa kwa nini wanunuzi wamepungua.

Sisi wenyewe tulipitia

Wazee wetu watakumbuka kwamba Tanzania nayo imeupita mto huu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi ilipata mapigo mfululizo: kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza mwaka 1977, Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, na kupanda kwa bei ya mafuta duniani. Matumizi yalizidi mapato kwa kiasi kikubwa, na sehemu ya pengo ilizibwa kwa kukopa katika mabenki, ambayo wakati huo yalikuwa ya umma. Fedha ziliongezeka mikononi mwa watu wakati bidhaa zikipungua madukani. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1980 mfumuko wa bei ulikuwa karibu na asilimia 30 na wakati mwingine zaidi. Foleni za sukari na sabuni, pamoja na kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983, zilikuwa dalili za kipindi hicho.

Marekebisho yalichukua muda. Mwaka 1986 ulianza mpango wa kufufua uchumi. Katikati ya miaka ya 1990 Serikali ilianza kutumia utaratibu wa bajeti ya fedha taslimu, ambao chini yake wizara ilitumia kile tu kilichokwisha kukusanywa. Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kazi tarehe 1 Julai 1996. Kufikia mwisho wa muongo huo mfumuko wa bei ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 10. Leo, Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 inaweka ukomo wa kiasi ambacho Serikali inaweza kukopa moja kwa moja Benki Kuu, ili pengo la bajeti lisizibwe kwa kuchapisha fedha.

Nakisi inavyofika nyumbani

Nakisi humfikia mtumiaji kwa njia nne, kutegemea namna pengo lilivyozibwa.

Kwanza, kupitia bei. Pengo likizibwa kwa fedha mpya kutoka Benki Kuu kupita kiasi, shilingi nyingi hukimbiza bidhaa chache, na bei hupanda.

Pili, kupitia riba. Serikali inapokopa soko la ndani, hukopa katika chungu kilekile ambamo mwananchi naye anachota: mabenki, mifuko ya hifadhi ya jamii na waweka akiba. Benki ikiweza kupata riba nzuri kwa kuikopesha Serikali bila wasiwasi, haina haraka ya kumpunguzia riba mwenye duka.

Tatu, kupitia thamani ya shilingi. Mkopo wa nje hulipwa kwa fedha za kigeni. Mahitaji ya dola yakizidi upatikanaji wake, shilingi hushuka, na bei ya mafuta, mbolea na vipuri hufuata.

Nne, kupitia malimbikizo. Wakati mwingine pengo huzibwa kimyakimya kwa kuchelewa kuwalipa wakandarasi na wazabuni. Mkandarasi asiyelipwa halipi vibarua, kibarua halipi dukani, na mwenye duka harejeshi mkopo. Kwa namna hii nakisi inaweza kuonekana ndogo kwenye karatasi huku mzigo ukiwa mabegani mwa watu waliokwisha kufanya kazi.

Haimaanishi kwamba kila nakisi ni balaa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini tofauti ipo kati ya mkulima anayekopa kununua miche ya kahawa na anayekopa kulipia sherehe. Barabara, umeme na maji vinavyokopewa leo vinaweza kuongeza Pato la Taifa na kuupunguza mzigo kesho. Kwa hiyo, unaposikia asilimia ya nakisi, uliza maswali matatu: Ni asilimia ya nini? Pengo limezibwa kwa fedha za nani? Na fedha hizo zimefanya kazi gani?

Mtumiaji afanye nini?

1. Usihamishe akiba kwa sababu ya tarakimu moja. Jiulize kwanza kama aliyeitaja amezungumzia nakisi, mkopo au deni. Aliyekimbilia kwacha mwanzoni mwa mwaka 2020 kwa kuogopa shilingi aliangukia kwenye hasara aliyokuwa akiikimbia.

2. Badilisha fedha kwenye maduka yenye leseni na udai stakabadhi. Kwa mujibu wa Kanuni za mwaka 2025 kuhusu matumizi ya fedha za kigeni, bei za bidhaa na huduma nchini zinapaswa kutangazwa na kulipwa kwa shilingi. Anayekulazimisha kulipa kwa fedha ya kigeni ndani ya nchi anakiuka kanuni hizo.

3. Unapouza kwa mkopo ng'ambo ya mpaka, kubalianeni kwa maandishi malipo yatafanywa kwa fedha ipi. Anayebeba hatari ya kushuka kwa kwacha au shilingi ajulikane kabla mzigo haujaondoka.

4. Kabla ya kusaini mkopo, uliza kama riba ni ya kudumu au inaweza kubadilika, na ni kiasi gani utakuwa umelipa hadi mwisho. Omba nakala ya mkataba katika lugha unayoielewa.

5. Jua kwamba nakisi ina upande wa pili: Serikali inapokopa, mwananchi naye anaweza kuwa mkopeshaji. Hatifungani za Serikali huuzwa kwa kima cha chini cha Shilingi milioni 1, na hulipa riba kila baada ya miezi sita. Zipo za miaka michache na zipo za hadi miaka 25. Kumbuka kwamba ukihitaji fedha zako kabla ya muda itakubidi uiuze hatifungani sokoni, na bei unayoipata inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Pitia benki au dalali aliyeidhinishwa peke yake. Mtu anayekupigia simu na kuahidi “hatifungani ya Serikali” yenye faida ya kila wiki ni tapeli.

Maswali ya kujipima

1. Nchi ina Pato la Taifa la Shilingi trilioni 220 na nakisi ya Shilingi trilioni 6.6. Nakisi hiyo ni asilimia ngapi ya pato?

2. Serikali imekopa Shilingi trilioni 5 na kutumia trilioni 3 kati yake kulipa mitaji ya mikopo iliyoiva. Ni kiasi gani cha mkopo huo kinaongeza deni?

3. Jirani yako anasema: “Nakisi imeshuka mwaka huu, kwa hiyo deni la taifa limepungua.” Je, yuko sahihi?

Majibu: (1) Asilimia 3. (2) Shilingi trilioni 2. (3) Si lazima. Ndoo ndogo nayo huongeza maji pipani. Shilingi za deni hupungua pale tu Serikali inapolipa zaidi ya inavyokopa. Uzito wa deni hupungua pia iwapo Pato la Taifa linakua haraka kuliko deni.

Hitimisho

Juni ijayo bajeti itasomwa tena, na redio zitasikika tena Tunduma. Tunakusihi, msomaji, uwe na kalamu mkononi. Andika mapato ya ndani, jumla ya bajeti, nakisi kwa asilimia ya Pato la Taifa, na namna Serikali ilivyopanga kuliziba pengo. Linganisha na mwaka uliotangulia. Hesabu hiyo haichukui robo saa, nayo itakusaidia kuamua kuhusu fedha zako kabla hujayafuata maneno ya kijiweni.